Jiwe Dogo la Kusagia

Baba yangu alikuwa seremala mjini Iringa, na alikuwa na ugonjwa mmoja usiokuwa na dawa: hakuweza kushika kifaa bila kukieleza. Mtu mwingine akichukua koleo ang'oe msumari, anang'oa msumari, mambo yamekwisha. Baba alisimama kwanza na koleo mkononi, akatutazama sisi watoto tuliokuwa tukicheza na maranda, akatuuliza nani yuko katikati.

Swali lilikuwa hilo hilo siku zote. Alisema kila kifaa cha kuinua, kukata, kubana au kuchota kina watu watatu ndani yake. Yupo anayetia nguvu, huyo ni mkono. Yupo anayesumbua, huyo ni mzigo. Na yupo anayetulia mahali pake wenzake wakihangaika, huyo anaitwa egemeo. Ukitaka kukijua kifaa, usikiulize jina lake wala bei yake, angalia nani kati ya hao watatu amekaa katikati.

Mkasi wa mama ulikuwa rahisi. Pini ndiyo egemeo na imekaa katikati, vidole upande huu, kitambaa upande ule. Koleo ni ndugu wa mkasi, na mtaimbo pia, na ile mizani ya muuza sukari sokoni. Toroli lilitusumbua zaidi, mpaka baba alipotuonyesha kwamba gurudumu ndilo egemeo na liko mbele kabisa, mikono iko nyuma kabisa, na matofali ndiyo yamekaa katikati. Kwa sababu hiyo mtoto anaweza kusukuma matofali ambayo hawezi kuyabeba.

Kundi la tatu nililidharau. Mama alikuwa na kibanio cha makaa, kipande cha chuma chembamba kilichokunjwa, ambacho alikitumia kutia makaa kwenye pasi. Egemeo lake ni pale kwenye mkunjo, kaa liko nchani, na vidole ndivyo viko katikati. Baba alikiri mwenyewe kwamba kifaa cha namna hiyo hakikuongezei nguvu hata kidogo, kinakula nguvu yako. Unabana sana, kaa linabanwa kidogo. Fagio la mpini mrefu ni hivyo hivyo, na sepeto. Nikamuuliza sasa faida yake nini. Akaniambia niweke kibanio chini, nichukue kaa kwa vidole.

Nilikuwa mtoto mbishi, na sijabadilika sana. Lakini maneno yale yaliniingia, na nilipokuja kuwa mke wa mtu niliyakumbuka kuliko mafundisho yote ya shangazi zangu.

Niliolewa miaka ya hamsini na Mnyakyusa aliyekuwa dereva wa lori kwenye machimbo ya dhahabu, Makongolosi. Wazazi wake walikuwa wamehama kutoka Tukuyu, wakapata shamba mlimani juu ya Iyunga, na huko ndiko mume wangu alikoniacha. Yeye alirudi mwisho wa mwezi, na wakati wa mvua, barabara ikiharibika, hakurudi kabisa. Kwa hiyo niliolewa na mtu mmoja nikaishi na wawili wengine.

Siku yangu ya pili pale nilifanya kosa ambalo asingelifanya msichana yeyote wa Kinyakyusa. Nilikuwa natoka kuchota maji, nikamwona baba mkwe anakuja na jembe begani. Kwetu Uhehe, mkwe akimwona baba wa mume wake anatua mzigo, anapiga magoti, anatoa salamu. Nikatua ndoo, nikapiga magoti katikati ya njia, nikainamisha kichwa, nikasema kamwene, baba. Nilijiona nimelelewa vizuri sana. Niliposikia kimya nikainua macho, nikaona jembe limelala njiani na mzee ameingia kwenye migomba anakwenda mbio, mtu mzima yule, majani yanampiga usoni.

Nililia. Nilidhani nimechukiwa. Mama mkwe alinikuta bado nimepiga magoti, akaninyanyua, akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kwao mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemezani, hawapiti njia moja, hawakai nyumba moja. Mkwe akihisi mzee yuko karibu anajifunika nguo kichwani na kugeuka. Mzee naye anakohoa kabla ya kutoka mlangoni, ili mkwe apate muda wa kuondoka. Akasema hiyo si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizonazo, na mzee alikimbia kwa kuniheshimu.

Sikumwelewa, niseme kweli. Nilimwelewa kwa masikio tu. Mzee alikuwa amebatizwa uzeeni, na mchungaji alikwisha kusema kanisani kwamba mambo hayo si lazima tena, lakini baba mkwe alimwachia mchungaji Jumapili, siku zilizobaki akazichukua yeye. Basi nikaishi na mtu ambaye sikuujua uso wake. Nilijua kikohozi chake. Nilijua miguu yake, maana macho yangu yakiwa chini ndiyo niliyoiona ikipita pembeni, miguu mipana yenye kidole kikubwa kilichopinda. Kila neno kati yetu lilipita kwa mama mkwe. Mzee alisema naye kwa Kinyakyusa ndani, yeye akatoka nje akaniambia kwa Kiswahili. Nikijibu, alirudi ndani na jibu langu. Siku nzima alikuwa anapita kizingiti kile, na hakuwahi kulalamika.

Ujumbe wa kwanza nilioletewa ulikuwa kwamba baba yako anaona wewe ni mwembamba, ule vizuri. Niliona ni wema. Baadaye shemeji mmoja mwenye mdomo alinicheka akanieleza mzee alivyosema hasa: mwanawe amemletea kitu chepesi cha kupeperushwa na upepo, hakitalima. Hilo liliniuma, likakaa moyoni.

Sasa nije kwenye siku ya jiwe. Ilikuwa masika, mvua inanyesha kila mchana. Mzee alikuwa anachimba nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, apate mahali tambarare pa kujenga banda la ndama. Miti ya milingoti ya kujengea, mirefu iliyonyooka, ilikuwa imelazwa pale pembeni. Juu ya mahali alipochimba palikuwa na jiwe kubwa, kubwa kuliko meza, na yeye alichimba chini yake akidhani limekaa imara kwa sababu limekaa siku nyingi. Wanaume wote wa jirani walikuwa wamekwenda kwenye mazishi ng'ambo ya bonde. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, yeye anasaga ulezi, mimi namenya maharage.

Tulisikia udongo unaporomoka, kisha sauti ya mzee inamwita mke wake. Mama mkwe alitoka mbio. Nilimfuata, na nilipofika kwenye kona ya nyumba nikasimama, nguo kichwani, macho chini. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Jiwe lilikuwa limeteleza likamlalia mguu chini ya goti, na yeye amekaa kwenye matope, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Maji ya mvua yalikuwa bado yanachuruzika kutoka juu, na kila yalipochuruzika udongo ulilegea, na jiwe lilijisogeza kidogo tu, kama ng'ombe anayetafuta namna nzuri ya kulala. Mguu ulikuwa bado mguu. Likisogea tena, usingekuwa mguu, na huenda lingempanda mwilini.

Mama mkwe aliweka bega kwenye jiwe akasukuma. Ni kama alisukuma mlima wa Mbeya. Mzee akasema kitu kirefu kwa Kinyakyusa, sauti imekauka. Kinyakyusa changu wakati ule kilitosha kuomba chumvi na maji tu. Mama mkwe akanigeukia.

"Baba yako anasema usikuje hapa karibu. Nenda kaite wanaume."

Wanaume walikuwa ng'ambo ya bonde. Kwenda na kurudi, jiwe lingekuwa limemaliza kazi yake. Hapo ndipo nilipokasirika. Nilimkasirikia yule mzee kwa moyo wangu wote. Niliona atakufa kwa adabu, na mimi nitasimama kwenye kona na nguo yangu kichwani nikimsikiliza akifa, kisha wataniambia nilikuwa mkwe mwema. Na katikati ya hasira, macho yakiwa chini, nikaona ile milingoti.

Nitasema nilivyofikiri, maana nilifikiri haraka lakini kwa mpangilio. Jiwe ni mzigo. Mkono ni mimi, na mimi ni mwepesi, kama nilivyokwisha kuambiwa. Mtu mwepesi anahitaji mti mrefu, akae mbali sana na mzigo. Na kukaa mbali sana na mzigo ndiko mzee alikotaka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, baba yangu na baba mkwe walikuwa wanasema jambo moja.

Niliuvuta mti mrefu kuliko yote, nikausukuma kinyumenyume, mgongo wangu umemwelekea mzee, ncha ikitangulia kwa mama mkwe. Nikamwambia aiingize chini ya jiwe, kwa ubavuni ambako mguu haupo, kisha atafute jiwe dogo gumu aliweke chini ya mti. Alikimbilia jikoni akarudi na jiwe lake la kusagia, lile dogo la mkononi, bado lina unga wa ulezi. Chini yake aliweka kipande cha ubao lisizame matopeni. Mimi nilikuwa kwenye mwisho wa mti, nyuma ya migomba, simwoni mtu.

Nikaning'inia. Mti ukapinda, miguu yangu ikaachana na ardhi, nikabaki nabembea kama nguo iliyoanikwa. Jiwe halikujali. Mzee akasema tena kitu kirefu, kikali, na mama mkwe akanitafsiria kwamba baba yako anasema uangalie usijiumize.

"Mwambie baba anyamaze kidogo nifikiri," nikasema.

Nikamsikia akimwambia mumewe maneno yaliyochukua muda mrefu kuliko yangu, kwa sauti ya chini. Nikamuuliza jiwe la kusagia ameliweka wapi. Akasema ameliweka hapa, katikati ya mti, ligawe sawa. Maskini mama wa watu, aligawa alivyozoea kugawa chakula. Nikamwambia alisogeze. Alisogeze kule kwa mzee, karibu kabisa na jiwe kubwa, mpaka karibu ligusane nalo. Aliogopa, nilimsikia anavyopumua, maana hapo mahali palikuwa pa hatari na alilazimika kupiga magoti chini ya mteremko. Akalisogeza.

Nikaning'inia tena. Safari hii mti ulishuka. Nilishuka nao, mbali, mpaka magoti yangu yakagusa matope, na upande wa pili jiwe likainuka kitu kidogo tu, upana wa kiganja. Ndivyo wenzo unavyofanya biashara. Unaupa mwendo mrefu, unakupa mwinuko mfupi, na nguvu ya kutosha. Nikasikia mama mkwe anatupa mawe chini ya jiwe kubwa kulikinga, nikasikia anavuta, nikasikia mzee anapiga ukelele mmoja ambao nausikia mpaka leo. Kisha mama mkwe akaniambia niachie. Niliachia, nikabaki pale kwenye matope nimegeukia upande wangu, na sikugeuka. Hata baada ya kuambiwa ametoka, sikugeuka.

Wanaume walimbeba kwa machela hadi hospitali ya Mbeya. Mguu ulikuwa umevunjika, ukaunga vibaya, lakini ulibaki wake. Aliporudi nilijua kwa mwendo: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Nikasubiri neno. Sikutaka zawadi wala kuchinjiwa mbuzi, nilitaka neno. Mama mkwe alileta ujumbe wa kawaida, kwamba baba yako ameshukuru, baba yako anasema ule vizuri. Nilikuwa nimekwisha kujua ujumbe wake unavyotengenezwa, sikuamini hata nusu.

Miaka ikapita, na Kinyakyusa kikaniingia bila kukikaribisha. Siku moja nilikuwa nimeinama nje ya ukuta wa nyumba yao, nachuma mboga, nikamsikia mzee ndani. Alisema ugali huu ni uji, kama kwao ndivyo wanavyopika, arudi akawapikie kwao. Nilisimama na mboga zangu mkononi, damu inanipanda. Mama mkwe akatoka na bakuli, akaniona, hakujua kwamba nimesikia.

"Baba yako anasema ugali wa leo ni laini kidogo," akaniambia. "Lakini amekula."

Nilimtazama. Alikuwa mama mfupi, mgongo umeanza kuinama, mkono mmoja kwenye nguzo ya mlango. Nikakumbuka jiwe lake la kusagia. Nikakumbuka pale alipopiga magoti chini ya mteremko akalisogeza karibu kabisa na mzigo, ili mimi niliye mbali na mwepesi nisihisi uzito wote. Na nikaelewa kwamba hakuanza siku ile. Alikuwa amekaa karibu na yule mzee maisha yake yote, anapokea maneno yake yakiwa na uzito wake wote, na kwangu yalifika mepesi. Yangu nayo, maana mimi si mpole, sijui aliyafikishaje kule ndani. Baba alitufundisha kwamba egemeo halitii nguvu wala halibebi mzigo. Hapo alikosea, au hakumaliza kusema. Egemeo linabeba wote wawili.

Nilimpenda sana kuanzia siku ile, na sikupata namna ya kumwambia. Nilianza kumsagia ulezi mimi. Alidhani naona amezeeka.

Alifariki kabla ya miaka ile ya hamsini kwisha, kwa homa ya kifua, wakati wa baridi. Mume wangu alikuja tukazika. Baada ya matanga ndugu wakakaa chini kuzungumza habari za mzee. Walisema haiwezekani mzee aishi na mkamwana peke yao bila mtu wa kati. Nani atamjibu, nani atampokelea chakula. Wakakata shauri arudi Tukuyu kwa mdogo wake. Mzee alikuwa ndani na alisikia yote. Hakuwa na nguvu ya kubisha. Shamba lake, banda la ndama alilolimalizia kwa mguu mmoja, kaburi la mke wake pale chini ya mgomba, vyote viachwe kwa sababu hakuna wa kunifikishia mimi neno lake. Niliona ni ukatili, lakini mimi nilikuwa mkwe, sikuulizwa. Mume wangu alisema ataazima gari kazini, aje amchukue baada ya siku chache.

Katika siku hizo nilimpikia. Niliweka bakuli kizingitini, nikakohoa, nikaondoka. Yeye alichukua, akakohoa, akarudisha bakuli pale pale. Jioni ya mwisho kabla ya gari kuja nilipika maharage. Nilirudi kuchukua bakuli mapema mno, nikakuta bado hajalirudisha, nikasikia ule mguu unaburutwa kuja mlangoni. Nilijifunika nguo, nikageuka. Nikasikia anakaa kizingitini, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mgeni. Kwa namna sauti ya kupumua kwake ilivyokuja nikajua naye amenipa mgongo. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, na kati yetu hapakuwa na kitu.

Akaanza kwa Kinyakyusa, akaacha. Akaanza tena kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia akikisema.

"Sasa nani anatubebea maneno?"

Nilimjibu kwa Kinyakyusa, nikijua nimevunja kila kitu.

"Yaseme tu, baba. Mimi sitageuka."

Nilisikia kijiko kinagusa bakuli. Nilijua tabia yake, na nilijiandaa kupokea chochote kitakachokuja, kikiwa na uzito wake wote.

"Maharage imepungua chumvi kidogo," akasema. Kisha akatafuta maneno mengine, akayapata. "Lakini nimekula."

Gari lilipofika kesho yake, mume wangu alikuta mzee anapalilia migomba na hana mzigo wowote aliofunga. Lakini hayo ni ya kesho yake. Jioni ile nilifuta macho kwa ncha ya nguo, nikaenda jikoni kuchukua chumvi, nikarudi kinyumenyume, nikaiweka kizingitini, nikakohoa.